Wakulima Waliozaliwa Agosti

Chumba cha Mama Evodia na changu vinatenganishwa na ukuta wa tofali moja, hapa nyuma ya soko, Sumbawanga mjini. Mimi nashona nguo. Yeye ana steshenari: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, meza iliyotandikwa plastiki ya maua, na benchi refu la wateja ambalo mwezi wa saba, baridi ikikolea, hulivuta ndani kabisa hadi watu wanakaa magoti yamegusana. Nikinyanyua mguu kwenye pedeli ya cherehani nasikia kila neno linalosemwa kwake. Kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia kwa masikio yangu, na ambayo sikuyasikia alinisimulia mwenyewe tukinywa chai.

Evodia alizaliwa Mwazye, mtoto wa saba wa katekista. Alisoma hadi kidato cha nne, akaajiriwa masijala katika ofisi moja ya umma hapa mjini, akakaa humo miaka thelathini na mmoja akitunza majalada. Alipoingia alikuta majalada yamepangwa kwa namba, moja hadi mwisho. Ya watu waliofariki zamani yalikuwa mlangoni. Yale yanayoulizwa kila siku yalikuwa nyuma kabisa, kwenye kabati ambalo mlango wake ulikuwa unafunguliwa kwa teke. Kwa miezi mitatu Evodia hakusema kitu. Kila jalada lililoulizwa aliliandika kwenye daftari na kuweka alama. Mwezi wa nne, Jumamosi moja, akavua viatu na kuhamisha chumba kizima.

Jumatatu mkuu wake alikuja juu. "Nani amekutuma uchezee namba za ofisi?"

"Namba ziko vilevile, mzee. Kilichohama ni majalada. Niulize lolote."

Mkuu akauliza moja, la mgogoro wa kiwanja. Likawa mezani kabla hajamaliza kukohoa. Akaliangalia, akamwangalia binti, akasema, "Sawa. Lakini kabati langu usiliguse."

Huyo ndiye Evodia. Ni mtu ambaye akikuta vikombe vyako vya chai vimekaa mbali na birika, ataomba radhi kwanza, halafu atavihamisha.

Alipostaafu aliona nyumbani kuna vitu vichache mno vya kupanga, akafungua steshenari. Kompyuta alijifunza akiwa na miaka hamsini na sita, kwa vidole viwili, na mpaka leo anaandika kwa vidole hivyohivyo, ila sasa vinakimbia. Watu wanamwendea kwa sababu hamkaripii mtu asiyejua. Anasoma swali kwa sauti, anasubiri jibu, anaandika, anaendelea. Na kila fomu anayojaza anaprinti nakala moja ya kwake na kuitia kwenye boksi, kwa mazoea ya masijala.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, mradi mmoja wa mbegu ulitangaza kwamba kila mkulima wa uwandani huku juu na wa bondeni kule chini anayetaka mbegu bora ajiandikishe kwa mtandao. Karatasi hazipokelewi tena. Tangazo lilisomwa hadi makanisani baada ya misa. Wiki ile benchi la Mama Evodia lilijaa, watu wakakaa kwenye kizingiti changu, na mimi nikapata tenda tatu za suruali hapohapo.

Siku ya kwanza aliniita. "Debora, hebu njoo uone maajabu."

Nikaenda na sindano mdomoni. Akanionyesha kwenye kioo. Fomu ilikuwa na vijisanduku, na kila kisanduku kina kimshale pembeni. Ukibonyeza kimshale, orodha inashuka, unachagua jibu lako. Yeye alikuwa amefungua pale panapouliza idadi ya watu katika kaya.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Moja. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mbili. Tatu.

"Baada ya moja ikaja kumi?" nikauliza.

"Na mbili iko chini ya kumi na mbili. Sasa angalia miezi."

Miezi ilianza na Agosti, ikafuata Aprili, halafu Desemba, halafu Februari. Januari ilikuwa ya tano. Machi ilikuja baada ya Juni. Nilicheka hadi sindano ikaanguka. Yeye hakucheka.

"Wamepanga kwa a-be-che," akasema. "Kila kitu kwa a-be-che, hata namba: zenye tarakimu ya 1 mbele zote zimetangulia. Mtu akiniambia amezaliwa Machi, macho yangu yanakwenda juu, Machi yenyewe iko chini. Na kibaya zaidi, angalia, hakuna nafasi tupu. Fomu ikifunguka tu, Agosti imeshachaguliwa. Kwenye mazao, alizeti imeshachaguliwa. Usipogusa, inakwenda hivyohivyo."

"Basi uguse," nikasema, nikarudi kwenye suruali zangu.

Aligusa. Kwa siku tisa aligusa, watu mia mbili na zaidi, mtandao ukipanda na kushuka, umeme ukikatika na kurudi, na kila ukirudi fomu inaanza upya na alizeti yake juu.

Mwezi wa kumi na moja mbegu zikagawiwa. Siku ya pili yake, asubuhi, bodaboda ikasimama mbele ya milango yetu. Akashuka Mzee Wilibrodi wa Mwazye, koti la sufi na kofia, miaka sabini na minne, mgongo umenyooka kama fito. Dereva akamshushia mfuko. Mzee akaubeba mwenyewe hadi ndani akauweka juu ya ile plastiki ya maua.

Nikanyanyua mguu kwenye pedeli.

"Shikamoo mzee," nikamsikia Evodia.

"Marahaba. Binti wa katekista, mimi nimekukosea nini?"

"Mungu wangu, kulikoni?"

"Soma hapo kwenye mfuko."

"Alizeti."

"Mimi nalima nini?"

"Ulezi, mzee. Na maharage."

"Baba yangu alilima nini?"

"Ulezi."

"Sasa huyu alizeti ni wa ukoo gani?"

Nikasikia boksi likivutwa na karatasi zikipekuliwa. Nikaacha kazi nikaenda kusimama mlangoni, maana kusikia peke yake hakukutosha. Evodia alikuwa ameishika nakala mkononi, na uso umembadilika.

"Imeandikwa alizeti," akasema taratibu. "Nimeiandika mimi."

"Na nini kingine umeniandika?"

"Umezaliwa Agosti."

"Mimi nilizaliwa wiki ya Pasaka! Ndiyo maana ninaitwa Wilibrodi Paskali!"

"Watu katika kaya, mmoja."

Mzee akavua kofia. "Na mke wangu nimemzika lini?"

Hapo mimi nilishindwa, nikacheka, nikajificha nyuma ya mlango. Mzee naye nilimwona mdomo unamcheza. Lakini Evodia alikaa kwenye kiti kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kupoteza jalada.

"Kosa ni langu, mzee," akasema. "Nadhani umeme ulikatika nikiwa na fomu yako, uliporudi nikajaza majina na kijiji nikasahau yale ya chini. Sina la kujitetea. Naomba uniachie siku chache nilirekebishe."

"Mimi sikuja kukufunga," mzee akasema, sauti imelainika. "Nimekuja kwa sababu mama yangu alinifundisha kupanda ulezi, na huyu alizeti hata sijui anachimbiwa shimo la namna gani." Akanywa chai, akaacha mfuko palepale, akapanda bodaboda yake akaondoka.

Mchana ule Evodia hakupokea wateja. Alimwaga boksi lote mezani, akaanza kupitia nakala moja moja. Zile alizokuwa na uhakika nazo aliziweka kulia, za mashaka kushoto. Jioni, nilipokuwa nafunga, rundo la kushoto lilikuwa na karatasi thelathini na saba.

"Thelathini na saba, Debora," akaniambia. "Na mimi ndiye ninayeangalia. Je, wale wasioangalia?"

Kesho yake akaenda kwa Marselino, mwenye steshenari ya karibu na stendi, ambaye hana boksi wala nakala. Marselino akamwambia kwamba kwake wamekuja kumi na wawili, na mmoja alitaka kumpiga na jembe jipya. Kutoka hapo akaenda ghalani kwa mradi. Mtunza ghala, Cleophas, ambaye mke wake nilimshonea gauni la kipaimara cha mtoto wao, alimfungulia mlango na kumwonyesha.

"Mama, angalia mwenyewe. Kompyuta iliagiza alizeti mara tatu ya mahindi. Ulezi umekuja mifuko ambayo naweza kuibeba kichwani. Nina alizeti hadi kwenye kibanda cha mlinzi. Mlinzi analala amekaa."

"Na hamkushangaa?"

"Tulishangaa. Tukaambiwa wakulima wamebadilika, wanafuata soko."

Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofani, ukitokea barabara ya kwenda hospitali. Msimamizi wake, Bwana Steven, alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano hivi, mstaarabu, akasimama kumsalimia na kumtafutia kiti chenye mto. Ukutani nyuma yake palibandikwa michoro ya rangi iliyotengenezwa kutokana na zile fomu. Evodia akaisoma wakati chai inatafutwa. Mmoja ulionyesha miezi ya kuzaliwa ya wakulima: mistari kumi na moja mifupi, na mmoja mrefu kama mnara wa simu.

"Huo umekuvutia, mama?" Steven akasema. "Hata sisi ulitushangaza. Karibu nusu ya wakulima wetu wamezaliwa mwezi wa nane. Niliuzungumzia kwenye kikao cha Mbeya. Ukirudi nyuma miezi tisa unafika mwezi wa kumi na moja, mvua zinaanza, watu wanashinda ndani..." Akatabasamu kidogo, kwa aibu ya kusema hayo mbele ya mtu wa umri wa mama yake.

"Mwanangu," Evodia akasema, "Agosti inaanza na a."

Anasema Steven aligeuka akautazama ule mchoro. Halafu akausogelea, akaubandua ukutani, akaukunja mara nne, akautia kwenye droo.

"Nimeusema mbele ya watu sitini," akasema. "Wengine walikuwa wanaandika."

Kisha akaanza kucheka, na Evodia, ambaye tangu siku ya Mzee Wilibrodi hakuwa amecheka, akacheka naye hadi akapangusa macho kwa kitenge. Anasema alimpenda yule kijana kuanzia hapo, kwa sababu wakubwa wengi aliowahi kuwafanyia kazi wangeuacha mchoro ukutani.

Steven akampigia simu mtaalamu aliyetengeneza ile fomu, dada mmoja anaitwa Jane, wa Mbeya, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Shikamoo mama," Jane akasema. "Nimekuelewa kuhusu namba na miezi, hilo nitalirekebisha leo, ni uzembe wangu. Lakini mazao nilifuata alfabeti makusudi. Alfabeti ni haki. Haimpendelei mtu."

"Inampendelea alizeti," Evodia akajibu.

Jane akasikika akigonga kibodi, anaifungua ile fomu.

"Njoo, mwanangu," Evodia akaendelea. "Njoo ukae na mimi siku moja kwenye benchi. Uje siku ya watu wengi. Ukishaona, upange unavyotaka, sitakuuliza tena."

Mradi ukatangaza siku kumi za marekebisho: aliyepata mbegu isiyo yake airudishe ghalani, fomu yake isahihishwe, apewe yake. Evodia aliwapigia simu watu wake wote thelathini na saba, mmoja mmoja, akiomba radhi kila mara kama ni mara ya kwanza. Wengi hawakuwa hata na habari kwamba wamekosewa. Mwanamke mmoja wa Msanzi alimwambia alidhani serikali imeamua sasa ni alizeti, akawa ameshalima matuta.

Na Jane kweli alikuja. Alishuka kwenye basi asubuhi ya Alhamisi, msichana mwembamba mwenye miwani na koti jepesi la watu wa mjini, anatetemeka. Nilimpa shuka la kujifunika nililokuwa nalitia pindo. Evodia akamkalisha kwenye kompyuta ya pili na kumwambia, "Leo wewe ndiye karani. Mimi nitakuwa nakaribisha wageni."

Nilihamishia cherehani mlangoni ili nisipitwe.

Saa ya kwanza Jane alijaza fomu tatu. Tatu tu, na yeye ndiye aliyeitengeneza! Vijiji vyote vya mkoa alikuwa amevitia kwenye orodha moja, na kila mtu akitaja chake, Jane anateremsha, anateremsha, anapitiliza, anarudi. Mzee mmoja akamwambia, "Mjukuu wangu, kijiji changu hakiko mbali hivyo." Mwingine alitaja kijiji kwa matamshi ya Kifipa, Jane akakitafuta kwenye herufi isiyo yake, hadi Evodia akamnong'oneza. Mara mbili nilimwona anataka kubonyeza kutuma, anashtuka, anarudi juu kubadilisha alizeti.

Saa tano akavua miwani akajikanda macho. "Mama," akasema, "nimeiona hii fomu mara elfu. Sijawahi kuijaza na mtu amesimama ananisubiri."

Evodia alimletea chai na kiazi. Baadaye, watu walipopungua, akatoa karatasi aliyoiandaa kwa siku mbili, imeandikwa kwa mkono, mistari imepigwa kwa rula. Ilikuwa orodha ya mazao jinsi alivyotaka yeye. Juu kabisa mahindi, kisha ulezi, maharage, ngano. Chini kabisa ufuta na mpunga.

"Nimehesabu nakala zangu," akaeleza, amejaa furaha. "Yanayoulizwa sana yakae mlangoni."

Wakati huo kwenye benchi alikuwa amebaki mama mmoja, Kabula, wa Ilemba. Watu wake walikuja zamani kutoka Usukumani na ng'ombe wao, wakashukia Bonde la Rukwa, na sasa wanafuga na kulima mpunga. Naye alikuwa ameandikwa alizeti, na alikuwa ameupandisha mfuko huo milima yote ile ili aubadilishe. Alikuwa ametulia muda wote. Aliposikia karatasi inasomwa akanyoosha shingo.

"Samahani mama," akasema. "Mbona sisi wa mpunga mmetuweka chini kabisa?"

"Siyo kwa ubaya, mwanangu. Ni hesabu. Katika watu mia mbili, wa mpunga mlikuwa wanne."

"Tulikuwa wanne kwa sababu ni mbali." Kabula alisema bila hasira, kama anayemweleza mtu njia. "Mimi nimeondoka nyumbani jana. Majirani zangu waliona safari ni ndefu, wakaacha. Hapa kwako unahesabu wanaofika. Njoo Ilemba uhesabu, utaona kama kuna mtu atakutajia ulezi."

Niliacha kupiga cherehani. Evodia aliishika ile karatasi yake yenye mistari ya rula, akaitazama. Namfahamu; najua ilimuuma. Orodha aliiandika kwa upendo, na kumbe na yeye alikuwa amewaweka mlangoni watu wa kwao.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Mimi ni Mfipa, nimeandika za Kifipa. Miaka sitini na moja niko hapa juu, na sijawahi kushuka bondeni hata siku moja."

"Hujawahi?" Kabula akashangaa. "Kutoka huku juu unaliona bonde!"

"Naliona. Sijawahi kushuka."

Jane alikuwa ameshavaa miwani tena. "Subirini," akasema. "Kwa nini tuwe na orodha moja? Fomu iulize kwanza unakaa wapi. Wilaya, halafu kata. Ukisema Ilemba, mpunga uje juu. Ukisema Mwazye, yaje mahindi na ulezi. Mengine yafuate chini, yasikosekane."

"Na vijiji?" Evodia akauliza.

"Vijiji wewe unasemaje, mama?"

Evodia akafikiri. "Ukishachagua kata, vinabaki vitano au sita. Hapo acha a-be-che. Mtu jina la kijiji chake analijua, atalikuta. Miezi ifuate kalenda. Namba zifuate kuhesabu. Na juu ya kila orodha pawe patupu, paandikwe 'Chagua hapa', na fomu ikatae kwenda mpaka mtu achague."

"Na kwenye miezi muongeze 'Sijui'," Kabula akadakia. "Mama yangu mzazi anajua alizaliwa ng'ombe walipokuwa wanarudi kutoka malisho ya mbali. Kila ofisi inamlazimisha mwezi. Ana vitambulisho viwili, na miezi miwili tofauti."

Jane aliandika yote kwenye simu yake. Halafu akainuka akaenda upande wa Evodia, akamwomba ile karatasi. Evodia alidhani anataka kuitupa, akampa. Jane aliikunja vizuri akaitia kwenye mkoba. "Ya uwandani ndiyo hii," akasema. "Sibadilishi hata mstari. Ya bondeni ndiyo hatuna."

Kabula akafungua kitambaa akatoa karanga, tukala wote wanne, na fomu yake ikasahihishwa: mpunga, kaya ya watu kumi na moja, mwezi wa tano. Jane alipoondoka bado alikuwa amejifunika shuka langu, nikamwachia aende nalo kwao.

Mzee Wilibrodi alipata ulezi wake kabla mvua hazijakolea. Lakini Cleophas alinieleza kwamba siku ya kubadilishana mzee aliufungua kwanza ule mfuko wa alizeti aliokuja kuuchukua kwa Evodia, akachota konzi mbili akatia kwenye mfuko wa koti, akasema ni fidia. Alizipanda mbele ya nyumba. Mwezi wa tatu mke wake, yule ambaye hakuzikwa, alikuja mjini akatuambia kwamba mzee kila asubuhi anakwenda kuzitazama zinavyogeuka, na kwamba amewakataza watoto kuzigusa.

Mwezi huohuo wa tatu mradi ukaanza kuandikisha mapema kwa msimu uliofuata, na Steven akamwomba Evodia ashuke Ilemba na kompyuta mpakato, ahesabu watu wa bondeni na kuwajazia fomu mpya. Aliniomba nimsindikize. Nilifunga duka siku tatu.

Kwenye mteremko wa kushukia bondeni, gari linazunguka kona moja baada ya nyingine, Evodia alishika mkono wangu na kufumba macho. Kona ya nne akafumbua. Kuanzia hapo hakuyafumba tena. Kadiri tulivyoshuka alivua kitu: kwanza skafu, kisha sweta, kisha kilemba cha sufi, na tulipofika chini akawa na gauni tu, uso unang'aa jasho, anauliza kila mtu kama hapa siku zote kuko hivi.

Watu walikuwa wamejipanga mbele ya shule. Nilikuwa naita majina, yeye anajaza. Kata, Ilemba; mpunga ukashuka wa kwanza, peke yake juu, kama ulikuwa unamsubiri. Fomu moja ilimchukua dakika nne. Bibi mmoja, mama yake Kabula, alipofika kwenye mwezi wa kuzaliwa akaanza kutaja ule wa kwenye kitambulisho cha kwanza, halafu akasita akataja wa kitambulisho cha pili. Evodia akamwambia, "Bibi, hapa unaruhusiwa kusema hujui." Tafsiri ya Kisukuma ikapita kwa Kabula. Bibi akafikiri, akauliza kitu, Kabula akacheka.

"Anauliza, akisema hajui, mbegu atapata?"

"Mwambie atapata."

"Basi anasema hajui kabisa," Kabula akatafsiri, "na hajawahi kujua, na anashukuru kuulizwa vizuri."

Hadi alasiri tulikuwa tumeandikisha watu mia moja na sita. Aliyetaja ulezi alikuwa mmoja tu, mwalimu aliyehamia kutoka Matai. Evodia alimpa mkono kama ndugu.

Kazi ilipokwisha Kabula alituchukua nyumbani, tukala wali na samaki wa Ziwa Rukwa, na Evodia akala sahani mbili bila kusema neno, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akataka aonyeshwe mpunga wenyewe, ulivyo shambani. Tukaenda. Jua lilikuwa bado kali, maji yamesimama kwenye majaruba, majani ya kijani hadi unapoishia uwezo wa macho.

"Unaweza kukanyaga?" akauliza.

"Kanyaga, mama," Kabula akamjibu.

Akakusanya gauni akaingia, na viatu vyake vya kanisani. Hatua ya kwanza akazama hadi kwenye kifundo. Hatua ya pili mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Tuliinama wote watatu kukitafuta kwa mikono ndani ya tope, tukicheka, Kabula anasema kiko huku, Evodia anasema hapana, huku, mimi kwa mkono mmoja nimeshika mkoba wenye kompyuta juu ya kichwa. Hatukukipata. Kesho yake tulipopanda gari kurudi Sumbawanga, Mama Evodia alikuwa amevaa kandambili za Kabula, zinazidi kidole kizima mbele, na wala hakujali.